Wiki mbili kwa mwaka: tulivyoitazama Crash Landing on You Kibokoni

Mama yangu hasomi Kiingereza, Kikorea ndiyo kabisa, na sinema za kigeni kwake ni dawa ya usingizi. Hii Crash Landing on You, tamthilia ya Korea Kusini, ameikodolea macho sehemu zote 16, na usiku wa mwisho alimkataza mpwa wangu asiguse rimoti mpaka majina ya waigizaji yaishe kupita. Tangu hapo naulizwa dukani, harusini, hata kwenye foleni ya feri: hiyo tamthilia inayozungumzwa kila siku nyumba ile ina nini? Nimeona niandike, maana nikianza kueleza kwa mdomo simalizi.

Tulikuwa wanawake sita. Nyumba yangu iko Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, kwenye kichochoro ambacho hata mkokoteni haupiti, kwa hiyo usiku panakuwa kimya. Tulikutana Jumatatu na Alhamisi baada ya isha, sehemu moja kwa usiku, mbili ikiwa hakuna mwenye mtoto wa kuwahi nyumbani. Mimi hushona kofia za vito. Vidole vinaijua kazi yao, macho yanabaki huru kutazama. Maandishi ya chini ya picha yalikuwa ya Kiingereza, na mpwa wangu, aliye mwaka wa pili chuoni, ndiye aliyekuwa akiyatia Kiswahili papo hapo, kwa sauti, kila mhusika akampa sauti yake. Usiku wa tatu alikuwa amekauka koo, tukawa tunamwekea chai ya tangawizi pembeni.

Kuna neno moja ambalo Kiswahili kililibeba vizuri kuliko Kiingereza. Wanajeshi wa Korea Kaskazini huitana *dongji*. Mpwa wangu akalitia "ndugu": ndugu kapteni, ndugu sajini. Mama akaruka. "Kumbe ni kama Tanganyika ya Nyerere!" Enzi zile alikuwa akisikiliza redio ya Dar es Salaam, kila kiongozi akitajwa ni Ndugu fulani. Kuanzia hapo Korea Kaskazini haikuwa nchi ya ajabu tena kwake. Ilikuwa mahali ambapo watu wanapanga foleni, wanaitana ndugu, na wana mambo wanayoyasema kwa sauti ya chini.

Kisa chenyewe ni hiki. Yoon Se-ri ni binti wa tajiri mkubwa wa Seoul, Korea Kusini, mwenye kampuni yake ya mavazi na vipodozi, na baba yake anataka kumrithisha yeye badala ya kaka zake wawili. Siku moja anajaribu mwavuli wa kurukia angani, kimbunga kinamzoa, na akija kufumbua macho ananing'inia juu ya mti upande wa Kaskazini. Chini ya mti yuko Kapteni Ri Jeong-hyeok, askari wa mpakani. Badala ya kumkabidhi kwa wakubwa wake anamficha nyumbani kwake kijijini, na majirani wanaambiwa ni mchumba wake. Hyun Bin ndiye kapteni, Son Ye-jin ndiye Se-ri. Ilitoka kwa mara ya kwanza kwenye stesheni ya tvN tarehe 14 Desemba 2019 ikaisha 16 Februari 2020. Sehemu ya mwisho ilipata asilimia 21.683 ya watazamaji, ambayo stesheni hiyo haikuwahi kuipata kabla. Rekodi hiyo ilikuja kuvunjwa mwaka 2024 na Queen of Tears, kazi ya mwandishi huyo huyo, Park Ji-eun.

Tamthilia za penzi lililokatazwa tumezitazama nyingi, za Kihindi, za Kituruki, za Kifilipino. Kwenye hizo mkatazaji ni mtu. Baba mwenye mali, mama mkwe mwenye roho mbaya, koo mbili zenye damu baina yao. Na mtu, hata awe mgumu vipi, unaweza kumrudishia posa mara ya pili. Utatuma wazee, utatuma shangazi yake, mwaka utapita, atalainika au atakufa. Hapa hakuna wa kutumiwa wazee. Baba yake Jeong-hyeok ni mkubwa jeshini na bado hana la kufanya. Mama yake Se-ri ana fedha za kununua mtaa mzima, na fedha hizo hazinunui hatua moja ya kuvuka. Vita vya Kaskazini na Kusini vilisimamishwa tarehe 27 Julai 1953 kwa karatasi ya kusitisha mapigano tu, na mkataba wa amani haujatiwa sahihi mpaka leo. Katikati kuna ukanda wa kilomita 248 kwa urefu na kilomita nne kwa upana. Nne! Kutoka feri ya Likoni hadi Makupa ni mwendo kama huo. Mtu mzima anautembea kwa saa moja akiwa na kikapu mkononi.

Mpwa wangu alipotutajia hizo kilomita nne, chumba kizima kilinyamaza. Tulidhani ni mbali.

Ninachokipenda zaidi kwenye tamthilia hii ni jinsi penzi linavyoingia kwa mlango wa jikoni. Huyu kapteni si msemaji. Hana maneno ya asali. Se-ri, aliyezoea makubwa, analalamika kwamba hawezi kuanza siku bila kahawa. Yeye anakwenda sokoni, anatafuta buni mbichi, anazikaanga mwenyewe juu ya moto, anazisaga kwa mkono, anamtengenezea kikombe. Hakuna maelezo, hakuna muziki mkubwa. Sasa fikiria picha hiyo mbele ya wanawake wa Mombasa. Babu yangu, baba yake mama, aliuza kahawa tungu miaka yote kwa dele na vikombe vyake, na nyumbani buni zilikaangwa hivyo hivyo, zikatwangwa kinuni. Mama alisogea mpaka ukingo wa kochi akaanza kumwelekeza kapteni: "Bado, bado, ngoja zilie kwanza." Zilipobadilika rangi akatikisa kichwa kuridhika. Akaniambia pole pole, "Huyu ana nia." Na hapo tamthilia ilikuwa bado changa.

Halafu mshumaa. Stima kule kijijini hukatika ovyo, na Se-ri anasema kwao alikuwa akiwasha mishumaa yenye harufu nzuri ndipo alale. Jeong-hyeok anamletea mshumaa. Mshumaa wa kawaida, ule mweupe wa kumulikia, kwa sababu kwake mshumaa ni mshumaa. Jambo linapita, unalisahau. Baadaye Se-ri anapotelea sokoni usiku, watu ni wengi, giza limeingia, hajui njia ya kurudi, na anarudiwa na usiku mmoja wa utotoni ambapo aliachwa peke yake ufukweni. Amesimama katikati ya watu amekauka. Ndipo kwa mbali, juu ya vichwa vya watu, anaona mwali mdogo. Jeong-hyeok ameinua mshumaa uliowashwa, mkono umenyooka juu, anatembea nao polepole ili aonekane, na huu sasa ni wa harufu.

Jirani yangu wa mlango wa pili alisema neno moja tu: "Kamletea udi." Kila mtu chumbani akaelewa. Kwetu mwanamume akiingia nyumbani na kipande cha udi kilichofungwa kwenye karatasi, hana haja ya kuongeza kitu. Mimi nilijichoma sindano kidoleni, na doa dogo la damu liko upande wa ndani wa ile kofia mpaka leo.

Maisha ya kijijini yamechukua karibu nusu ya kwanza ya tamthilia, na ndiyo nusu iliyotushika. Wanawake wanatengeneza kimchi ya msimu wa baridi, mlima wa kabichi uani, kila mtu ameloa mikono, na mazungumzo yote ya mtaa yanapita hapo. Ni kama sisi tukikata vitunguu vya pilau ya harusi. Kiongozi wao ni Na Wol-suk, mkubwa wa mtaa, mwenye sauti ya kuamuru na jicho la kuona kila kitu. Anayemwigiza ni Kim Sun-young, na mwaka 2020 alipewa tuzo ya Baeksang ya mwigizaji msaidizi bora wa kike kwa kazi hii. Alistahili. Namjua mwanamke kama yule, ninaye mtaani kwangu, ndiye anayekuja kukuuliza kwa nini hukuonekana msibani, na ndiye huyo huyo anayefika wa kwanza kwako na sufuria ukifiwa.

Na garimoshi! Jeong-hyeok na Se-ri wanasafiri kwenda Pyongyang, stima inakatika, garimoshi linasimama katikati ya mbuga, na linasimama kwa saa na saa. Hakuna anayeshangaa. Abiria wanashuka, wachuuzi wanatokea kusikojulikana na vyakula na mablanketi, mioto inawashwa, na usiku unakuwa kama sherehe. Picha zile zilipigwa Mongolia, kwa sababu Kaskazini kwenyewe hakuna kamera ya Kusini inayoingia. Sisi tulikuwa tumefika hapo hapo stima yetu ikapotea. Nasema kweli tupu. Tukawasha kandili, tukapasha moto mahamri kwa mkaa, na mama akatusimulia safari zake za garimoshi la zamani la Nairobi, usiku kucha njiani, mpaka saa tano stima ilipojirudisha. Sikumbuki usiku mwingine wa mwaka huu tuliocheka hivyo.

Wanajeshi wanne wa Jeong-hyeok nao wamepata nafasi yao. Pyo Chi-su ni mropokaji anayegombana na Se-ri kila wakionana, na ndiye anayelia zaidi Se-ri akiondoka. Eun-dong bado ni mtoto anayemkumbuka mama yake. Kim Ju-meok anatazama tamthilia za Kusini kwa siri wakati wa zamu, na anazijua zote kwa moyo. Hapo palitufurahisha, kisha mpwa wangu akatusomea habari: Desemba 2020, miezi kumi baada ya tamthilia kuisha, Kaskazini ilipitisha sheria kali dhidi ya filamu na nyimbo za Kusini, mtu anaweza kufungwa miaka mingi kambini kwa kutazama, na anayesambaza anaweza kuuawa. Nilimtazama Ju-meok kwa jicho jingine kuanzia hapo. Yale tunayoyafanya sisi Jumatatu na Alhamisi, wanawake sita na sahani ya kaimati, huko ni kosa la kumpoteza mtu.

Kwa upande wa Kusini pia si salama sana. Tamthilia ilipokuwa bado inarushwa, Januari 2020, chama kimoja cha siasa kiliishtaki kwa polisi kwamba inaipamba Kaskazini. Mimi nalielewa shtaka ingawa silikubali. Ni kweli njaa haionekani sana, magereza hayaonekani, na kijiji kimepakwa rangi ya huruma. Lakini anayeitazama kwa makini anaona. Yuko Jung Man-bok, ambaye kazi yake ni kukaa chumbani na vifaa vya masikioni kusikiliza nyumba za watu. Hapendi kazi hiyo. Aliwahi kumsikiliza mtu aliyemtendea wema, na mtu huyo akafa, na Man-bok anaibeba dhambi hiyo kila siku akirudi kwa mke na mtoto wake. Kim Young-min anaiigiza hiyo aibu kwa mabega tu. Haihitaji kuonyeshwa gereza, ukimwona yule umeshajua.

Hatukukubaliana kwa kila kitu, na wala sitaki kuonyesha kama tulikubaliana. Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya Seo Dan. Huyu ndiye mchumba halisi wa Jeong-hyeok, posa ya wazazi, miaka saba ameisubiri harusi. Jirani yangu hakumsamehe kapteni hata kidogo. "Posa ni posa," alisema. "Kama moyo haupo, mwambie binti wa watu mwaka wa kwanza, si mwaka wa saba." Mpwa wangu akamjibu kwamba moyo hauendeshwi kwa kalenda. Jirani akamwambia asubiri azae binti kwanza. Kaimati zilipoa. Mimi niko upande wa jirani. Jeong-hyeok ni mwema, lakini kwa Seo Dan alikuwa mzembe, na nilitaka mwandishi amfanye aliseme hilo kwa kinywa chake na aombe radhi kama mtu mzima. Anagusia, hamalizi.

Kwa bahati Seo Dan anapata kisa chake mwenyewe na Gu Seung-jun, tapeli aliyekimbilia Kaskazini kujificha. Wanaowaigiza ni Seo Ji-hye na Kim Jung-hyun. Unaanza kwa kumdharau yule kijana na unamalizia kwa kumlilia, maana alikuwa na nafasi ya kuondoka salama, akarudi kwa ajili ya Seo Dan, akapigwa risasi. Kuhusu hawa wawili sisi sote sita tulilia, na bado nina kinyongo na mwandishi.

Nusu ya pili iko Seoul, na hapo ndipo naipunguzia alama. Jeong-hyeok anavuka kwa siri kumfuata mhalifu Cho Cheol-gang aliyekwenda kumuua Se-ri. Kuna raha zake: wale wanajeshi kushangaa maji ya moto ya bomba, kuku wa kukaanga, mashine za michezo. Lakini bunduki zimezidi, fitina za wale kaka na wake zao zinavutwa kama halua isiyokolea, na kila dakika kumi mtu anakula au anakunywa kitu ambacho unaona wazi kimelipiwa kionekane. Sehemu ya 12 hadi ya 14 zingeweza kuwa mbili. Mama alisinzia mara moja tu katika tamthilia nzima, na ilikuwa hapo.

Vile vile kuna jambo la Uswisi. Inafichuka kwamba miaka ya nyuma Jeong-hyeok alikuwa mwanafunzi wa piano huko, na Se-ri alikuwa amekwenda huko akiwa amekata tamaa ya kuishi, na muziki aliousikia kutoka kwenye gati la ziwani, ukamrudishia pumzi, ulikuwa wa Jeong-hyeok. Wapo wanaosema hilo ni kulazimisha, dunia si ndogo hivyo. Kwangu lilikaa vizuri. Watu wangapi Mombasa wamekuja kugundua baada ya ndoa kwamba walikalia jamvi moja harusi ya fulani, watoto wadogo, hawajuani? Gati lenyewe liko Iseltwald, kando ya ziwa Brienz, na wageni wa kupiga picha wamekuwa wengi mpaka kijiji kimeweka mlango wa kulipia, faranga 5 kwa mtu.

Kwa wanaouliza kama inafaa kutazamwa na watoto na wakwe: mabusu yapo, machache, ya heshima, na hakuna uchi. Pombe ipo sana, kila furaha na kila huzuni ina chupa yake, na kuna damu kwenye mapigano. Mimi nilimruhusu mwanangu wa miaka kumi na minne. Andaeni muda, kwa sababu kila sehemu inapita saa moja na nyingine zinakaribia mbili. Na andaeni intaneti. Kampuni tunayoilipa kila mwezi, sitaitaja, ilituzimikia sehemu ya tisa, dakika ile Jeong-hyeok anamfikisha Se-ri kwenye mstari wa mpaka, amemwambia kwamba hapa ndipo mwisho wake, hawezi kuongeza hatua. Picha ikaganda hapo. Tulipiga simu tukaambiwa tusubiri saa ishirini na nne. Mpwa wangu alinunua bando, akapanda juu ya dari na simu yake kutafuta mtandao, tukamalizia kwenye kioo kidogo watu sita tumebanana kama dagaa. Na kapteni akavuka. Hatua moja, upande wa pili wa mstari, akambusu. Siku hiyo kioo kidogo kilitosha.

Sasa naingia kwenye mwisho. Anayetaka kuutazama bila kujua asimame hapa.

Wanaachana mpakani mara ya pili, na hii ni ya kweli. Yeye anarudishwa Kaskazini, Se-ri anabaki Kusini. Kumbe kabla ya kuondoka Jeong-hyeok alimwandikia jumbe za simu na kuzipanga ziingie kwa mwaka mzima, kidogo kidogo. Si mashairi. Kula. Lala. Toka nje utembee. Halafu zinaisha. Baadaye anaacha jeshi na kurudi kwenye piano, Se-ri anaanzisha mfuko wa kuwasaidia wanamuziki, na njia pekee wanayoipata ni Uswisi, nchi isiyo ya huyu wala ya yule. Wiki mbili kila mwaka.

"Hii si ndoa," alisema mdogo wetu, aliyeolewa mwaka jana. "Miezi kumi na moja na nusu unalala peke yako, halafu unaambiwa mambo yamekwisha vizuri?"

Hakuna aliyemjibu haraka. Jirani yangu mume wake ni dereva Uarabuni, huja kila baada ya miaka miwili, na mwaka wa ugonjwa wa korona hakuja kabisa. Alikunja leso yake mapajani, akaikunjua, akaikunja tena. "Wiki mbili kila mwaka, tena bila kukosa?" alisema. "Nipe karatasi nitie sahihi."

Mimi mume wangu alikuwa baharia miaka 22. Meli ilimchukua miezi tisa, ikanirudishia kwa mmoja, miwili ikiwa Mungu ametaka. Miaka ya mwanzo simu ilikuwa ya kupiga bandarini tu na ya bei. Kabla ya kila safari alikuwa akiniachia karatasi tisa ndani ya kopo la maziwa, amezikunja na kuziandika miezi kwa nje, na tarehe mosi nilikuwa nikifungua moja. Watu wakisikia wanadhani zilikuwa barua za mapenzi. Moja nakumbuka ilisema: paa la jikoni lipakwe lami kabla ya masika, fundi asilipwe yote mpaka mvua ya kwanza. Nyingine: mtoto apelekwe akaangaliwe jino la nyuma. Nyingine ilikuwa na neno moja tu, *kula*, kwa sababu alijua mwezi ule ni wa kumkumbuka baba yangu na mimi nikiwa na huzuni sili. Kwa hiyo mpwa wangu alipokuwa akisoma zile jumbe za Jeong-hyeok, sauti yake ikitetemeka akidhani anasoma jambo geni, mimi nilikuwa nasikia kopo langu likifunguliwa.

Ndiyo maana nawatetea mwandishi na mwongozaji Lee Jeong-hyo kwa mwisho ule. Wangeweza kudanganya. Wangeweza kumtorosha kapteni akaishi Seoul na kumwacha baba yake aliwe na serikali, au wangeufungua mpaka kwa kalamu, watu wakashangilia, na kesho yake mpaka wa kweli ungekuwa pale pale. Wamewapa wawili wale kile tu ambacho dunia ingeweza kuwapa, na wakawaonyesha wanakitumia: nyumba, meza, chakula, piano. Hyun Bin na Son Ye-jin wenyewe walioana kweli tarehe 31 Machi 2022, na nilifurahi kama mtu wa nyumbani, lakini sikuihitaji harusi hiyo ili niukubali mwisho wa tamthilia. Naipa tisa kwa kumi. Ile moja imeliwa na zile bunduki za Seoul.

Mume wangu siku hizi yuko nyumbani, jioni hukaa barazani na wenzake. Hatazami tamthilia. Usiku wa mwisho aliingia kuchukua dele la kahawa, akakuta picha ya ziwa, na wale wawili wameketi majanini. Akasimama mlangoni. Akauliza wana siku ngapi, nikamwambia kumi na nne. Alitazama kidogo.

"Siku ya kumi na tatu ndiyo mbaya," akasema, akachukua dele akatoka.

Mpwa wangu akauliza ana maana gani. Mama akamwambia arudishe pale kwenye mshumaa.